Mtukufu Rais na Suruali ya Bwana Harusi

Nchi yetu haina makuu. Tuna bendera, tuna wimbo, tuna Rais mmoja wa kututosha, na tuna filamu moja ya kuchekesha. Sitaitaja nchi kwa jina. Si kwamba nimekatazwa. Ni kwamba hakuna aliyeniruhusu.

Filamu yenyewe inaitwa Suruali ya Bwana Harusi. Ilipigwa zamani, wakati picha zilikuwa hazina rangi. Inamhusu fundi cherehani, Fundi Chupuchupu, aliyeshona suruali ya harusi kwa vipimo vya mtu mwingine. Bwana harusi anapoivaa asubuhi ya harusi, haifungi. Fundi anarudi nyuma hatua, anamtazama juu mpaka chini, anasema, "Suruali imekubali. Kiuno ndicho kimekataa." Basi inabidi fundi atembee nyuma ya bwana harusi siku nzima, ameishikilia suruali kwa mikono miwili, akijifanya ni ndugu wa karibu. Mwishoni anateleza, anakalia sufuria la pilau, na suruali inabaki mikononi mwake.

Ndiyo hivyo tu. Ukisimuliwa huwezi kucheka, wala sikulaumu. Lakini sisi tulicheka. Kila sikukuu televisheni iliionyesha, na mtu aliyetoka kuzika asubuhi alikaa jioni akaitazama na kucheka huku bado anajifuta machozi. Hata mafundi cherehani waliipenda, na hao ndio waliotukanwa.

Mtu mmoja tu hakuwa ameiona. Naye ni Mtukufu Rais Kilangazi, ambaye tangu ujana wake alikuwa na shughuli ya kuwa Rais.

*

Mambo yaliharibika Siku ya Taifa, uwanjani. Mtukufu alikuwa anahutubia. Sisi tulikuwa tunamsikiliza kama tunavyomsikiliza siku zote, yaani tukiwa tumesimama na askari wakiwa nyuma yetu. Akafika kwenye maendeleo.

"Ndugu wananchi," alisema, "mipango yetu yote imekubali."

Akanyamaza ili maneno yatuingie. Ndani ya ule ukimya, kutoka upande wa jua ambako hakuna turubai, sauti ya mtu mmoja ikasema taratibu, kama anayemsaidia:

"Kiuno ndicho kimekataa."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Walicheka wanafunzi waliopangwa kuandika jina lake kwa miili yao, na jina likavurugika likasomeka vingine. Walicheka mabalozi baada ya kutafsiriwa maneno. Bendi ilicheka ndani ya matarumbeta, ukasikika mlio ambao haujawahi kuandikwa katika muziki. Mtukufu aliinua mkono kutuliza, lakini mkono wenyewe ukaonekana kama unashikilia kitu, tukaanza upya.

Tafadhali elewa kwamba hakukasirika. Mtu wa jikoni kule Ikulu, ambaye hasemi uongo isipokuwa akihojiwa, ameniambia kwamba hasira ingekuwa nafuu. Njiani kurudi, Mtukufu alimgeukia mkewe, Mama Hidaya, akamuuliza:

"Walikuwa wanacheka nini?"

Mama Hidaya alikuwa anatazama nje ya dirisha, mabega yanamtikisika.

"Mama Hidaya, nimekuuliza."

"Fundi Chupuchupu, baba," alisema, na sauti ikamkatika. Akafunika uso kwa ncha ya mtandio. Machozi yalimtoka, wanja ukashuka mpaka shavuni.

Mtukufu alimwangalia kwa muda mrefu. Alikuwa amempa mwanamke yule nyumba tano, barabara yenye jina lake na hospitali ya macho. Hakuwahi kumwona akicheka mpaka wanja ushuke.

"Huyo Chupuchupu," alisema, "ni wa kabila gani?"

*

Waliitazama wote wawili, mchana ule ule. Mama Hidaya alivua viatu, akakunja miguu kwenye kochi. Mtukufu alikaa wima na mikono kifuani.

"Sasa angalia hapa," alisema mkewe kabla fundi hajatokea. "Hapa sasa! Subiri, bado. Haya, hapa!"

Fundi akasema maneno yake. Mama Hidaya akacheka. Mtukufu akangoja kichekesho kije, kumbe kilikuwa kimeshapita.

"Ndiyo hiyo?"

"Nyamaza, inakuja ya pilau."

Pilau ikaja. Mtukufu alikuwa ameisubiri muda wote, ameambiwa itakavyokuwa na atakavyojisikia, na kwa hiyo mtu alipokalia sufuria aliona mtu amekalia sufuria. Ilikuwa kama kuandaliwa kwa wiki nzima kumpokea mgeni mkubwa, kisha anakuja mwanamume na baiskeli anauliza njia.

"Hii filamu imesifiwa kupita kiasi," alisema.

Mama Hidaya alijifuta macho. "Labda hujaielewa, Baba Hidaya."

Hapo ndipo wivu ulipomkaa. Mtu anaweza kumwambia Rais kwamba watu wana njaa, naye akalala. Lakini kumwambia hajaelewa kichekesho, na kumwambia kwa huruma!

Alimwita Waziri wa Furaha na Maadili, Mheshimiwa Sekiboko, akamwambia kuanzia sasa hotuba ziwe za kuchekesha. Sekiboko aliunda jopo. Jopo likaandika utani juu ya mbolea. Mtukufu aliutoa bungeni, na wabunge wote wakasimama wakapiga makofi mpaka mmoja akazirai.

"Wamecheka?" Mtukufu aliuliza baadaye.

"Wamefurahi kwa heshima kubwa, Mtukufu."

"Nimeuliza wamecheka?"



Basi Mtukufu akaamua kuanguka. Kama Chupuchupu alianguka na watu wakampenda, yeye angeanguka zaidi. Aliteremka kwenye ndege akitoka ziarani, akafika ngazi ya chini, akajitupa kwenye zulia huku ameinua miguu, na akabaki pale chali akisubiri.

Walinzi walimlalia juu. Jeshi lilifyatua risasi hewani. Redio ya taifa ilikatiza taarabu ikaweka muziki wa msiba, na rais wa nchi jirani akatuma rambirambi kabla hajauliza. Fundi wa ngazi alikamatwa, na ngazi yenyewe ikakamatwa. Hakuna aliyecheka. Mtukufu alipoinuka na vumbi mdomoni, kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Yule mzee alifanyaje?"

*

Yule mzee, yaani mwigizaji wa Fundi Chupuchupu, alikuwa hai. Anaitwa Mzee Rajabu Tindwa. Alikuwa anaishi mtaa wa nyuma ya soko, mtu mnene mwenye nyonga mbovu, anayekwenda msikitini kwa fimbo. Watu wakimwona walitabasamu kabla hajafungua kinywa. Yeye alijibu salamu kwa ufupi na kupita. Tulidhani ni unyenyekevu.

Alikamatwa Jumatatu. Siku hiyo hiyo filamu ilipigwa marufuku kwa kosa la kushusha hadhi ya suruali. Tangazo lilisema vazi hilo ni nguzo ya utawala bora, na kwamba kiuno cha raia hakina mamlaka ya kukataa chochote.

Sitaki kuisema vibaya serikali. Ilifanya kazi. Polisi waliingia nyumba kwa nyumba wakakusanya kanda na diski za filamu, na kwa kuwa sheria inataka ushahidi uhakikiwe, walizitazama vituoni. Ukipita karibu na kituo kikuu ulisikia maafisa wa upelelezi wakihakiki, mmoja akilia, "Rudisha nyuma! Rudisha pale kwenye sufuria!" Wezi walijisalimisha wenyewe siku za maonyesho. Gerezani, Mzee Tindwa alipewa seli yenye dirisha, na askari magereza wakaleta wake zao wamwone akiketi. Kuketi tu. Alipoketi waliangalia kama kuna sufuria chini, wakashikana mbavu.

Mtaani ndiyo usiseme. Filamu iliyokuwa ikionyeshwa sikukuu tu, sasa ilichezwa kila siku na kila mtu. Harusini, msimamizi aliweka tu mkono kiunoni mwa bwana harusi, wageni wakaanguka vitini. Vijana ambao zamani waliiona ni filamu ya wazee sasa waliijua yote, mpaka kikohozi cha mtu aliyepita nyuma.

Taarifa hizi zilifika Ikulu. Mtukufu akaacha kula. Alikuwa ameanza kusikia vicheko ndani ya ukuta, na siku moja alivunja ukuta, akawakuta mafundi bomba. Walikuwa wanacheka kweli.

*

Aliyeokoa hali ni Sekiboko. Aliomba kusema jambo, kisha akaomba radhi kabla ya kulisema.

"Mtukufu, hotuba zako kuna mtu amezikataza?"

"Nani angethubutu!"

"Zinasomwa redioni asubuhi na jioni. Shuleni wanazikariri. Ofisini zimetundikwa. Sasa, Mtukufu, na naomba hili lisiandikwe popote, umewahi kusikia mtu harusini akizirudia kwa raha zake?"

Mtu wa jikoni anasema alikuwa na sinia la chai mkononi na vikombe vilianza kugongana vyenyewe.

"Endelea," alisema Mtukufu.

"Tuipe ile filamu heshima hiyo hiyo."

Wiki iliyofuata Mzee Tindwa alitolewa gerezani kwa gwaride. Filamu ikatangazwa kuwa Hazina ya Taifa, kichekesho bora kuliko vyote vilivyowahi kutokea na vitakavyowahi kutokea, na ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Kicheko.

Mwanzoni tulishangilia. Tuliitazama ofisini kila asubuhi kabla ya kazi, tukaona serikali imetukumbuka. Baadaye wakaja wakaguzi. Mkaguzi alisimama kando ya kioo cha televisheni akiangalia nyuso, na aliyechelewa kucheka alipewa onyo. Aliyewahi kucheka alipewa onyo pia, kwa kutangulia mamlaka. Tukajifunza kucheka pamoja, kwa sauti ya wastani, meno ya juu tu.

Shuleni likaingizwa somo. Mwanangu wa kike alirudi na mtihani: "Kuanguka kwa Fundi Chupuchupu kulisababishwa na nini? Jadili chanzo cha mbali na chanzo cha karibu." Aliandika kwamba aliteleza. Alipata sifuri. Chanzo cha mbali kilikuwa ukoloni.

Chuo Kikuu kilifanya kongamano juu ya suruali kama uwanja wa mvutano. Profesa mmoja alieleza kwa nini maneno ya kiuno yanachekesha. Alieleza vizuri sana, kwa michoro, na tangu siku ile hayakumchekesha mtu yeyote aliyekuwa ukumbini.

Mzee Tindwa mwenyewe aliteuliwa Balozi wa Kicheko. Kazi yake ilikuwa kuanguka uwanja wa ndege wageni wa kitaifa wanapowasili. Waliweka godoro, na juu ya godoro zulia, na juu ya zulia sufuria lililochongwa kwa mpingo. Alipigiwa mizinga. Alianguka taratibu, kwa sababu ya nyonga, askari wawili wakimsaidia kushuka na wanne wakimsaidia kuinuka.

Sijui ilianza lini. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja ofisini, mkaguzi akiwa ametoka kidogo kwenda haja, jirani yangu Bi Mwatumu alininong'oneza:

"Hivi jamani, hii filamu ni nzuri kweli?"

Nilishtuka. Kisha nikaangalia kioo. Chupuchupu alikuwa anarudi nyuma hatua, kama jana, kama juzi. Nikaona ana pua ndefu. Nikaona katikati pamerefushwa mno, na kuna mama mkwe anayepiga kelele bila sababu. Nikaona kuwa suruali, kwa kweli, ilikuwa ndogo tu.

"Imezidishiwa sifa," nilimjibu.

Tulishikana mikono chini ya meza kama watu waliofiwa.

*

Ikulu walijua kabla yetu. Jioni moja Mtukufu mwenyewe aliwasha televisheni, akakaa kando ya mkewe, akajifanya anasoma gazeti. Pilau ilipokaribia, Mama Hidaya alisema:

"Zima, baba. Kichwa kinaniuma."

Mtukufu alizima. Moyo ulimruka kwa furaha. Alingoja kidogo, halafu akauliza kama mtu asiyejali:

"Sasa siku hizi nani anakuchekesha?"

"Hakuna," alisema Mama Hidaya, akaenda kulala.

Ushindi wa namna hiyo unamtaka mtu aende kumwangalia mshindwa. Mtukufu akaagiza Mzee Tindwa aletwe, akampokea ukumbini mchana, akamketisha kwenye kiti cha chini kidogo.

"Mzee," alisema, "nasikia watu hawakucheki tena."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Tindwa.

Mtukufu hakutegemea jibu hilo. "Huumii?"

"Niumie kwa nini? Wanaacha kumcheka yule." Mzee alielekeza fimbo kwenye kioo kilichozimwa. "Mimi na yule hatujuani, Mtukufu. Yule ni kijana mwembamba. Nilicheza filamu nyingine kumi baada ya pale, na katika kila moja nilikuwa bora kuliko yeye. Uliza mtu akutajie moja. Nilipooa, mke wangu aliniambia alinipenda kwa sababu ya yule. Miaka arobaini na kitu ya ndoa, nikisema jambo la kuchekesha mezani ananiambia, 'Lakini si kama pale kwenye pilau.' Kafa ananiambia hivyo."

Mtukufu alisogeza kiti chake karibu. "Na wewe unamwonea wivu?"

"Tangu ulipokuwa mkuu wa wilaya."

Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza na Mtukufu juu ya jambo ambalo Mtukufu mwenyewe analijua. Aliagiza kahawa. Kisha, kwa kuwa walikuwa wanamsengenya mtu mmoja na ni raha kumsengenya mtu ukimwona, akawasha filamu.

Mzee Tindwa hakumbakizia kitu yule kijana. "Unaona hapo? Amesahau maneno. Mkono ule unatafuta cha kufanya. Sufuria lilikuwa tupu, mvuke ule ni sigara ya mpiga picha. Na hapo kwenye kuanguka hakukuwa na uigizaji wowote, niliteleza kweli. Sauti unayoisikia ni mfupa. Ni filamu ya kawaida sana, Mtukufu."

"Ya kawaida," aliitikia Mtukufu kwa furaha, akajinyoosha kitini bila kutegemea chochote.

Na kwa kuwa hakutegemea chochote, alikiona. Hakuona kuanguka, maana kuanguka alikuwa amekuchoka. Aliona kinachofuata, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia akingoje. Chupuchupu amekalia sufuria, ameumia vibaya, na kabla hata ya kulia anageuza shingo pole pole, kushoto, kulia, kuangalia ni nani wameona. Akishahakikisha kwamba wameona wote, anainamisha kichwa kwa heshima, kama anayepokea salamu.

Mtukufu alijiona pale chali kwenye zulia la uwanja wa ndege.

Kicheko kilimtoka. Hakikuwa kimewahi kutumika, kwa hiyo hakikujua njia. Kilianza kama pampu iliyoingiwa na hewa, kikapiga kwikwi, kikapanda kikawa mlio mwembamba wa mbuzi anayekataa kuvuka daraja, kisha kikashuka ghafla na kutoa mkoromo puani. Walinzi mlangoni walisimama wima wakapiga saluti. Mzee Tindwa alitazama kioo, akamtazama Rais, na uso wake ukawa mchungu.

"Na wewe pia," alisema, akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga.

Mtukufu hakumwona. Alikuwa anairudisha filamu nyuma, mara ya tatu sasa, huku anagonga mkono wa kiti. "Mama Hidaya!" aliita. "Mama Hidaya, njoo uone! Njoo hapa!"

Mama Hidaya alikuja mbio akidhani ni ugonjwa. Alisimama mlangoni. Filamu hakuiangalia, alikwisha kuiona mara zisizo na idadi. Alimwangalia mumewe, miwani imemteleza, tai imegeukia mgongoni, anatoa sauti ya pampu, kisha ya mbuzi, kisha mkoromo, na kila akimaliza mkoromo anashangaa umetoka wapi.

Mdomo wake ulianza kucheza. Alijishika ukuta. Kisha alikaa pale pale chini, kwenye marumaru, mwanamke mwenye barabara yenye jina lake, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka na wanja ukashuka ukapita shavu ukafika shingoni. Alijaribu kusema kitu, akaishia kumwonyesha kwa kidole.

Mtukufu aligeuka. Alimwona mkewe amekaa chini, analia kwa kicheko. Hakuwahi kumwona hivyo, hata ile siku ya uwanjani. Akafuata kidole chake, ambacho kilikuwa kinatetemeka na hakikulenga vizuri, na macho yake yakafika kwenye kioo.

Pale kwenye kioo Chupuchupu alikuwa anainamisha kichwa tena kwa heshima.

Kicheko kikakatika.

"Zima," alisema Mtukufu.

Filamu ilipigwa marufuku kesho yake asubuhi, safari hii milele, na Sekiboko akateuliwa balozi kwenye nchi ambayo bado inatafutwa. Kabla ya adhuhuri Bi Mwatumu alikuwa amefunga madirisha ya ofisi na kuweka mtu mlangoni. Tulikaa sakafuni, tumebanana, tukaitazama. Ilikuwa nzuri. Sijui niseme nini zaidi, ilikuwa nzuri sana, hata pale katikati.

Kule Ikulu Mtukufu hazungumzi na mkewe wiki ya pili sasa. Dada yake Mama Hidaya alikwenda kumjulia hali, akamkuta jikoni anamenya vitunguu, akimkumbuka mumewe alivyokuwa pale kitini na kucheka peke yake. Dada akamshauri amweleze tu mumewe ukweli, kwamba siku ile aliyemchekesha alikuwa yeye mwenyewe, si Chupuchupu.

"Nimwambie?" alisema Mama Hidaya, akiweka kisu chini. "Kesho si ataunda kamati?"